Busta, dozi ya tatu na sisi wanachuo wa Mwanza: tuache kusingizia WhatsApp

#1 Mwana wa Malimbe

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kila zikizungumzwa habari za wanachuo kukwepa dozi ya nyongeza, au busta kama tunavyoiita huku mageto, maelezo ni yale yale: wamedanganywa na WhatsApp, wanaogopa kukosa watoto, wanaamini kuna chipu. Mimi nasoma kozi ya afya hapa Mwanza, na nyumba ninayopanga Nyegezi ina watu wa sheria, uhasibu, ualimu na uandishi wa habari. Uvumi nausikia kila siku, siukatai. Ila ukiufanya ndiyo sababu kuu utakuwa unatibu ugonjwa ambao mtu hana. Wengi ninaowajua waliogoma busta ya UVIKO-19 walishachanjwa ya kwanza kwa miguu yao wenyewe. Hawana ugomvi na sindano. Ya kwanza ilikuwa na mtu anayeidai. Busta haidaiwi na mtu yeyote.

Turudi nyuma kidogo. Juni 2020 tulitangaziwa kwamba corona imekwisha nchini. Tukajifukiza nyungu, wenye hela wakanunua NIMRCAF, ile dawa ya mitishamba, maisha yakaendelea. Tarehe 24 Julai 2021 zikatua dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Janssen kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Wakati huo huo Askofu Gwajima, mbunge wa Kawe wa wakati huo, anahubiri kuipinga, na waziri wa afya aliyekuwa anaipigia debe naye ni Dkt. Gwajima. (Kuna mzee pale Mkuyuni mpaka leo anaamini ni mtu mmoja aliyebadili msimamo.)

Janssen ilikuja na sifa moja iliyoiuza: choma moja, umemaliza. Kuna waliochanja kwa sababu ya safari, kuna waliokuwa wanaomba nafasi za masomo nje, kuna ambao ofisi walikopangiwa fildi ilitaka cheti, na kuna waliovutwa na foleni tu: jukwaa, spika, "Ujanja Kuchanja", marafiki wote wako pale. Wakapewa cheti chenye kile kimraba cha kuskani, wakapiga picha, wakarusha stetasi.

Novemba 2021 Omicron ikatangazwa huko kusini mwa Afrika. Desemba wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani (WHO) wakasema dozi mbili za Janssen zinakinga vizuri kuliko moja. Kitaalamu hakuna cha kubisha: kinga hushuka kadiri miezi inavyopita, kirusi nacho kinajibadilisha, na mwili ukikumbushwa unaamka haraka zaidi. Ila mageto jibu lilikuwa moja: "Si mlisema moja?" Hakuna aliyerudi akakaa na watu na kusema, ndiyo, tulisema moja, tumejua zaidi tangu siku ile, na tulichokijua ni hiki. Yakaja matangazo yale yale na nyimbo zile zile. Mtu uliyemwahidi moja ukimletea ya pili bila maelezo, anapiga hesabu kwamba ya tatu na ya nne ziko njiani. Na kwa corona hesabu yake haikuwa mbali.

Sasa nije kwetu wa makoti meupe, maana tunapenda kuwacheka wengine.

Chanjo inayotuhusu sisi zaidi ni ya homa ya ini B. Dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Darasani tumefundishwa kanuni ya 30, 3 na 0.3. Ukijichoma sindano iliyotoka kwa mgonjwa na huna kinga, hatari ya kupata homa ya ini B inaweza kufika asilimia 30, homa ya ini C kama asilimia 3, VVU asilimia 0.3. Kirusi cha B kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza. Tumeulizwa kwenye mtihani, tumejibu, tumepata A. Halafu nenda kakague kadi.

Juzi nilishika kadi ya jamaa mmoja wa mwaka wa nne. Imekunjwa mara nne ndani ya kava la simu, kona zimelainika kama zile noti za mia tano za zamani. Mstari wa kwanza: tarehe, namba ya chupa, sahihi, muhuri. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu una tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwa penseli, imeshapita zaidi ya mwaka, basi. Huyo jamaa hana uvumi wowote kichwani. Mpe chaki akuchoree kirusi chenyewe na gamba lake ubaoni. Na kila asubuhi anatoa wagonjwa damu.

Nilipomuuliza akacheka, akasema "kalenda, kaka". Dozi mbili za mwanzo zinaangukia mwanzoni mwa mwaka wa masomo: boom (hela ya mkopo) limeingia, CR, yaani kiongozi wa darasa, anakusanya hela, nesi anakuja mpaka darasani. Ya tatu inaangukia kwenye UE (mitihani ya chuo), au fildi, au likizo mtu yuko kwao Bariadi anavuna pamba. Boom limekata. CR kabadilishwa. Hakuna anayekuuliza, nawe huulizi.

Kwa hiyo huyu wa udaktari na yule wa uhasibu wanakwama sehemu moja, wakati mmoja anajua kila kitu na mwingine hajui. Ndiyo maana semina za kupambana na uvumi zinanichosha. Zinamfundisha mtu jambo ambalo silo lililomzuia.

Halafu kuna wale wa "hawa watu hawaishi kuongeza". Wanapunguza pia, na Mwanza yetu ina mkono wake hapo. Chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Hapa hapa Mwanza ukafanyika utafiti wa DoRIS, chini ya MITU, kituo cha utafiti cha hapa Mwanza, wakishirikiana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London: wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Waliopimwa baada ya miaka miwili, hata wa dozi moja karibu wote walikuwa bado na kinga. Matokeo hayo, pamoja na ya nchi nyingine, yakawa sehemu ya sababu za WHO kukubali dozi moja mwaka 2022, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Homa ya manjano nayo zamani kadi ilikufa baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 ni ya maisha. Kama shida yao ni kuuza sindano tu, hizi wamezipunguza za nini?

Na nimalize na hili ambalo wenzangu wa afya hawapendi kulisema. Machi 2023 wataalamu hao hao wa WHO waliweka wazi kwamba kijana mzima wa afya akishapata dozi za msingi na busta moja, hawamsukumi tena kuongeza. Mkazo ni kwa wazee, wenye kisukari, wenye VVU, wajawazito, watumishi wa afya. Kijana wa miaka 22 anayekataa busta ya tatu ya corona leo hajapotoka. Anayebaki na dozi mbili za homa ya ini huku anashika damu za watu, huyo ndiye nina shida naye. Tumeziita zote "busta", tukazipigia ngoma moja, sasa watu wanazikataa zote kwa sababu moja.

Karibuni. Matusi yapelekwe jukwaa la siasa.

#2 Chipsi Yai

Nimeweka kambi hapa na sahani ya sato. Endeleeni.

#3 Nshomile wa Bukoba

Mtoa mada, uandishi mzuri, japo Kiswahili cha Kisukuma kinajitokeza kwa mbali (natania mkuu).

Nakuunga mkono kwa mfano wa kwetu. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Kagera, watu tisa waliugua, sita wakafa. Chanjo hakuna, mpaka leo hakuna iliyoidhinishwa. Nyumbani walikuwa wananipigia mimi niliye chuo, eti kwa kuwa nasoma mjini ninajua itakuja lini. Hao hao ndio walionicheka nilipochanja ya corona. Ndugu yangu, mtu akiona jeneza kwa jirani haulizi ina chipu gani. Corona tulizika kimya kimya, vyeti vinasema nimonia, sasa unataka mtu arudie sindano ya ugonjwa ambao rasmi haukuua mtu mtaani kwao?

#4 Kichwa Ngumu

Nimesoma yote. Una hoja, lakini umepita haraka sana penye moto.

Unasema kauli ya "moja tu" ilibadilika kwa sababu walijua zaidi. Sawa. Na ile ya Juni 2020 ilitokana na kujua nini? Mtu aliyeambiwa ugonjwa haupo, mwaka mmoja baadaye akaambiwa upo na dawa hii hapa, ana haki ya kukaa pembeni atazame. Huyo humwiti mjinga.

La pili. Janssen hiyo hiyo, Mei 2022 Marekani waliiwekea masharti, wakaibakiza kwa wachache, kwa sababu ya damu kuganda. Huku kwetu iliendelea. Mnaposema "dozi ya nyongeza" mimi nasikia "mabaki". Nithibitishie vinginevyo.

#5 Mwana wa Malimbe

Kichwa Ngumu, la Juni 2020 sina utetezi wala situmwi kutetea.

La Janssen ni kweli, na takwimu zake zipo wazi. Mpaka Machi 2022 Marekani walikuwa wamethibitisha watu 60 walioganda damu kwa namna ile, tisa wakafariki, katika dozi zaidi ya milioni 18. Ni tatizo la nadra sana, lakini ni la kweli. Wao wangeweza kuibana kwa sababu Pfizer na Moderna zilijaa kila duka la dawa. Sisi ya dozi moja, inayokaa kwenye friji ya kawaida, ndiyo ungeweza kuipakia kwenye boti ikafika kisiwani. Uamuzi wa kuendelea nayo unaelezeka.

Ila je, kuna aliyekuelezea? Hapo tuko pamoja. Nilitegemea siku ile ile tusikie mtu akisimama na kutaja namba hizo 60 kwa Kiswahili. Tukazisoma kwenye mitandao ya watu wa nje, kila mtu akazipika anavyojua.

#6 Binti Nansio

Mimi si wa afya, nasoma mambo ya biashara. Naomba niseme kwa upande wetu tuliochomwa ya kwanza na kukimbia.

Hakuna aliyeniambia kwamba usiku ule nitapata homa. Nilichanjwa Jumatatu saa tano, Jumanne nina jaribio. Usiku natetemeka, mkono hauinuki, asubuhi nimeingia kwenye chumba cha mtihani naona namba mbili mbili. Baadaye ndiyo nakuja kusoma kwamba homa na maumivu ya siku moja au mbili ni kawaida, mwili unafanya kazi yake. Sasa hilo si lingesemwa pale mezani? "Dada, una mtihani wiki hii? Basi njoo Ijumaa jioni." Dakika moja tu.

Tena Ijumaa jioni yenyewe hamna. Meza inafunguliwa saa za vipindi, inafungwa saa za ofisi. Chuo kimoja hapa jijini ninachokijua, siku ya uzinduzi walileta muziki, fulana na kamera. Ya pili walibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, chini ya tangazo la mtu anauza godoro.

Chipu sijawahi kuiogopa mimi.

#7 Nesi Mstaafu

Wanangu, naona mnajadili mambo ya wakubwa na shikamoo hakuna. Haya.

Nimefanya kliniki ya mama na mtoto ng'ambo ya Kamanga na visiwani kwa muda mrefu. Mnasema vijana hawarudi dozi ya pili. Wanawake ambao hawakumaliza darasa la saba walikuwa wananirudia mara tano. Chanjo ya pepopunda: ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne mwaka, ya tano mwaka. Mama anapanda mtumbwi alfajiri, kadi ameifunga kwenye nailoni na pindo la kanga ili isilowe. Si kwamba aliielewa kinga kuliko nyie. Kila akija kwa ujauzito au kupima mtoto, mimi nasema "lete kadi", nikiona mstari mtupu nachoma pale pale. Sikumpa nafasi ya kusahau. Kwa hiyo huyu kijana anayesema "haidaiwi na mtu" amesema kweli tupu. Wabeja sana mwanangu.

Nyie wa kiume sasa. Mlichomwa tatu za utotoni, mkasahau. Pepopunda mnaikumbuka mkianguka na bodaboda Buhongwa.

Na nirekebishe jambo moja kabla halijasambaa. Wapo watakaosoma hapa waseme "nimechelewa dozi ya tatu ya homa ya ini, naanza upya". Huanzi upya. Zile mbili zilizoingia hazipotei. Unachoma ya tatu, unaendelea. Kwa wa wodini, mwezi mmoja au miwili baada ya hapo pima damu uone kama kinga imefika 10 (mIU/mL, kipimo cha maabara) au zaidi. Ikifika, kwa mtu mwenye afya yake, umemaliza; hakuna busta ya kila mwaka.

#8 Mwana wa Malimbe

Shikamoo mama. Uzi umepata mwenyewe.

#9 Mzaliwa wa 2003

Shikamoo mama Nesi. Mimi nina swali ambalo nilimuuliza mtu pale chuo akanijibu "fuata utaratibu".

Tanzania ilianza kuwachanja watoto homa ya ini B mwaka 2002, imo ndani ya zile sindano za utotoni. Mimi nimezaliwa baada ya hapo. Kwa hiyo nina dozi tatu tangu nikiwa mchanga. Sasa kwa nini nilipe tena tatu? Mimi sikatai chanjo, nakataa kulipia kitu ambacho tayari ninacho.

#10 Nesi Mstaafu

Marahaba. Swali lako lina akili, na aliyekujibu vile alikukosea.

Kadi yako ya kliniki ipo? Kama ipo na inaonyesha zote tatu, huna sababu ya kuanza mwanzo. Kinga kwenye damu inaweza kuwa imeshuka, lakini kumbukumbu ya mwili hubaki. Kwa wanaokwenda kushika damu tunapima: ukiwa na 10 kwenda juu, uko salama. Ukiwa chini, unachomwa moja, unapimwa tena. Wengi inapanda hapo hapo. Kadi kama imeliwa na mchwa, hakuna ushahidi, hapo ndipo unachomwa zote. Nendeni mkawaombe mama zenu hizo kadi. Wengine wamezihifadhi kwenye sanduku moja na hati ya kiwanja.

#11 CR Mstaafu

Niseme upande wa pili wa meza. Nilikuwa CR, nimekusanya hizo hela. Ya kwanza na ya pili unazipata, watu wana boom. Ya tatu unampigia mtu simu anakwambia "kesho", kesho yuko Maswa. Kulikuwa na wazo la kukusanya zote tatu siku ya kwanza. Likapita. Fungu la tatu likakaa kwa mweka hazina wa darasa, likakaa, halafu likaanza kukopwa. Wenyewe mnajua hela inayokaa miezi sita mikononi mwa mwanachuo.

Chuo kikitaka, kiweke ada ya dozi zote tatu kwenye malipo ya usajili, na dozi ya tatu iwe sharti la kupata barua ya fildi. Utaona kama kuna atakayekosa.

#12 Kichwa Ngumu

CR, hapo kwenye sharti nakupinga. Ya corona ilisemwa ni hiari na ikabaki hiari, hilo walifanya vizuri. Ukianza kumshikia mtu barua ya fildi, umempa yule wa chipu hoja ambayo hakuwa nayo.

#13 CR Mstaafu

Ya corona sawa, iwe hiari. Huyu wa wodini anashika damu, mkuu. Akipata homa ya ini anaweza kumwambukiza na mgonjwa. Dereva anaombwa leseni kila siku barabarani na hamumtetei.

#14 Kichwa Ngumu

Kwa wa wodini peke yao, na chuo kilipe. Hapo nakubali. Kama ni sharti la kazi, asilipe mwanafunzi kutoka kwenye hela ya kula.

#15 Binti Nansio

Kichwa Ngumu kakubali jambo. Andikeni tarehe.

Mimi ningeomba kidogo tu: ujumbe wa simu siku ya kurudi ikifika. Wenye kubashiri mechi wananitumia ujumbe kila asubuhi na sijawahi kuwapa namba yangu. Namba niliyoiandika mwenyewe kwenye fomu ya chanjo haijawahi kupokea kitu.

#16 Chipsi Yai

Sato ameisha. Samahani wakuu, mimi nina swali la aibu kidogo, mama Nesi utanisamehe. Jirani yangu geto anasema hizi sindano zikizidi mbili zinagusa nguvu za kiume. Nina mbili za homa ya ini tangu mwaka juzi. Ndiyo maana nilisimama hapo.

#17 Nesi Mstaafu

Mwanangu, waliochanjwa hiyo 2002 na 2003, dozi tatu tatu, sasa hivi ndio wanajaza wodi za wazazi mkoa mzima. Muulize huyo jirani wale watoto wanatoka wapi.

#18 Chipsi Yai

Nimeelewa mama. Kesho naenda kuchoma ya tatu. Niende tu?

#19 Nesi Mstaafu

Piga simu kwanza uulize kama ipo, maana wakati mwingine ya watu wazima huisha. Beba kadi. Waambie ni ya tatu na umechelewa, wasikuanzishe upya. Na ule kabla ya kwenda, nyie wanaume ndio mnaozimia.